Nani Alilala Kijijini Usiku Ule

Mimi sikai. Mke wangu, Mama Zuhura, anasema tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kiguu na njia, ila njia yenyewe sina. Nikiketi dakika kumi naamka kwenda dirishani kuangalia nani ameingia jengo la ng'ambo. Tunaishi Mount Dennis, ghorofa ya saba, na hapo dirishani huwa nahesabu. Watu wa kituo cha basi nawahesabu. Msibani nahesabu viatu mlangoni. Mjukuu wangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, huniambia, "Babu, please, sit down." Nakaa. Kisha nasimama tena.

Ni ugonjwa wa kazi. Nimehesabu watu karibu maisha yangu yote. Kwanza kwetu Kondoa, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi na walimu ndio tuliochukuliwa kuwa makarani wa sensa. Halafu hapa Toronto, ambako ofisi ya takwimu ilinipa kazi ya kugonga milango ya wale ambao hawakurudisha fomu. Sasa Rehema, binti wa mdogo wangu, ameanza kazi hiyohiyo. Juzi alikuja na kishikwambi chake, akaniambia, "Baba mkubwa, siku hizi hakuna kukosea. Mashine yenyewe inakataa."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Rehema, na nyinyi wenzake mliokaa naye mafunzoni, mashine inakataa ukiandika kwamba mtu ana miaka mia tatu. Haikatai ukimwacha mtu nje. Kwa hiyo nisikilizeni kidogo, kabla sijasimama.

Mlango kwanza. Usigonge kama polisi. Gonga mara tatu, rudi nyuma hatua mbili, simama pembeni kidogo ili mwenye nyumba akuone wote, mpaka viatu. Wakati wa baridi vua glovu kabla mlango haujafunguliwa, maana mtu anataka kuona mkono mtupu. Kitambulisho kiwe kifuani, siyo mfukoni. Ukianza kujipapasa mfukoni umeshamtisha. Na ukikaribishwa chai, kunywa. Waliowahi kunifundisha ofisini walikataza chai. Hao hawajawahi kugonga mlango.

Halafu usiwe na haraka ya kuandika. Parkdale kulikuwa na bibi mmoja aliyeniambia wanakaa wawili, yeye na Francis. Francis ana miaka mingapi? Tisa. Anafanya kazi gani? Hafanyi kitu, analala tu. Nikaandika. Baada ya wiki msimamizi akanipigia simu kuniuliza kwa nini nyumba ile ina mtoto wa miaka tisa asiyekwenda shule. Nikarudi, na Francis mwenyewe akaja kunipokea mlangoni, paka mnene wa kijivu. Bibi hakuona kosa langu liko wapi. Kwa hesabu yake walikuwa wawili kweli.

Aliyenifunza kazi hii hasa ni Bi Tatu, msimamizi wangu wa kwanza kule nyumbani. Alikuwa mama mfupi mwenye baiskeli ya kiume, na filimbi shingoni ya kutuitia makarani wake. Siku ya kwanza tu nilimwuliza mama mmoja, "Una watoto wangapi?" Akanitazama kama mtu niliyemwombea msiba. Kwao mtoto hahesabiwi hivihivi. Ukimtaja kwa namba unamwonyesha njia ya kaburini. Akanijibu, "Wapo wa Mungu," akaendelea kupepeta mtama wake.

Bi Tatu akanivuta pembeni. "Mwalimu, wewe usihesabu watoto. Omba uonyeshwe mabakuli."

Nikaomba. Mama akayatoa mabakuli ya uji, akayapanga juu ya mkeka, na kila bakuli likawa na mwenyewe. Hili la Hamisi. Hili la yule anayekohoa. Hili lenye ufa la huyu kitinda mimba, maana kila kitu anakiangusha. Mimi nikaandika, yeye akapepeta, hakuna aliyemdhuru mtoto wa mtu. Mpaka leo sijaona fomu bora kuliko mkeka ule.

Sheria nayo nilifundishwa na Bi Tatu. "Kila sensa ina usiku wake," alikuwa akisema. "Uliza nani alilala hapa usiku ule. Asiyelala, hata kama shati lake limetundikwa ukutani, si wako. Atahesabiwa alikolala." Niliipenda sheria ile. Ilikuwa safi, haina mjomba wala shangazi. Nimekuja nayo mpaka Kanada, na ingawa fomu za hapa huuliza mtu anakaa wapi kwa kawaida, nimeanza nayo kwenye maghorofa na kwenye majumba yenye bustani, na haikunitupa hata mara moja, ila hii nitakayowasimulia.

Lakini Bi Tatu alikuwa na upande wa pili. Siku moja niliandika kwamba mama fulani amejifungua mwezi uleule, halafu mtoto mwenyewe sikumwandika. Nilimsikia akilia ndani, lakini bibi yake aliniambia, "Huyo hajatolewa nje, bakuli hana, mwache." Jua lilikuwa kali. Nikamwacha. Jioni Bi Tatu akapitia daftari langu kwa kidole, akasimama pale.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza.

"Kesho asubuhi utarudi."

"Bi Tatu, ni mwendo wa saa mbili. Kwa mtu mmoja?"

"Ungekuwa wewe ndiye huyo mmoja, ungeniuliza hivyo?"

Nikarudi. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwa ajili ya kichanga ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Nilimlaani Bi Tatu njia nzima.

Sasa nije kwa Yusufu, na habari zake nazisimulia kwa ruhusa yake. Alikuwa mfamasia, Mpalestina, anakaa Richmond Hill na dada yake mkubwa. Mara ya kwanza tulikutana mlangoni kwake nikiwa kazini. Alifungua nusu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Familia yangu imehesabiwa vya kutosha. Kambini walituhesabu kila foleni ya unga. Kila aliyetuhesabu alitupunguza." Akafunga. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha waliokataa. Nikatia alama, nikaenda mlango wa pili.

Baada ya kustaafu ndipo tulipokutana tena, ndani ya mall. Wazee wa hapa wakati wa barafu hutembea humo asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, mizunguko kama wanafunzi waliochelewa. Mimi nilikuwa nakwenda mall ya mbali, kaskazini, kwa sababu safari yenyewe ilininusuru na kukaa. Yusufu akanitambua. "Wewe ndiye yule wa kuhesabu." Nikadhani ananitafutia ugomvi. Kumbe alikuwa na kazi.

Wapalestina waliotawanyika wana desturi ya kuandika kitabu cha kijiji chao: nani alikaa wapi, chemchemi ilikuwa upande gani, nani alimwoa nani. Familia ya Yusufu ilikuwa inaandika chao, kitoke kabla ya ndugu wote kukusanyika kiangazi. Kijiji kilikuwa kidogo, cha mawe, juu ya kilima. Jina lake siliandiki hapa; ni lao, na kitabu chao kinalitaja. Vita vilipofika mwaka arobaini na nane walitoka asubuhi wakidhani ni kwa siku chache, na leo kijiji hakipo. "Vitabu vya wakubwa vimetutaja kwa mstari mmoja," Yusufu aliniambia. "Nyumba kadhaa, watu kadhaa. Majina hakuna hata moja. Dada yangu ndiye peke yake aliyebaki kwetu ambaye aliishi kule. Alikuwa na miaka minane. Nataka umhoji kabla hajasahau."

Na mimi, mtu niliyekuwa nahesabu viatu vya msibani, nilipopewa kijiji kizima cha kuhesabu, unadhani nililala?

Dada yake wote humwita Hajja. Ni mama mwembamba mwenye mikono ya kukanda unga na ulimi wa kukanda watu. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiingereza; aliniita Ustadhi, nami kila alipozungumza na mdogo wake kwa Kiarabu nilidaka neno hapa na pale, jirani, hesabu, dakika, nikawa natikisa kichwa kana kwamba nimeelewa yote. Nilitandika karatasi ya kaki juu ya meza ya jikoni, nikachora kilima, njia na chemchemi. Kisha nikafanya kosa la siku ya kwanza, na uzee wangu wote huu. "Hajja, nyumba hii ya kwanza walikuwa na watoto wangapi?"

"Mashallah," alisema, akafunga mdomo.

Nikamkumbuka Bi Tatu na mabakuli yake. Nikabadili swali: mlikula nini? Hapo Hajja akafunguka. Wanawake wa upande wao walioka mikate kwenye tanuri moja, na kazi yake yeye utotoni ilikuwa kuipeleka nyumba hadi nyumba, imefungwa kwa kitambaa, ingali moto. Nyumba hii mikate mingi, maana wana vijana watatu wa kulima. Hii michache, mjane na binti yake. Hii mikate miwili na mmoja laini wa mzee asiye na meno. Jamani, mtoto anayebeba mikate anaijua idadi ya watu kuliko serikali yoyote.

Kwa kuwa hakupenda kidole changu cha kuhesabia watu, tulitumia kokwa za zeituni zilizobaki kwenye sahani ya asubuhi. Kila mtu kokwa moja, na jina lake naliandika pembeni. Tulikwenda hivyo siku nyingi. Nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kimejaa watu nisiowahi kuwaona, nikimweleza Mama Zuhura habari za fundi viatu aliyekuwa akigombana na punda. "Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" aliniuliza mara moja. Nilikuwa nasimulia kama shahidi.

Tatizo likaja tulipofika kwenye sheria. Nikawaambia kila sensa ina usiku wake, na usiku wetu uwe ule wa mwisho, wa kuamkia kutoka. Wakakubali. Basi nikaanza kusafisha. Yule kijana aliyekuwa bandarini kwa kazi nikamtoa. Binti aliyekwenda kwa mamake kijiji cha pili nikamtoa. Wageni waliokimbilia pale siku mbili kabla nikataka kuwaingiza. Hajja akasema wana kijiji chao, nisiwaibe. Tulibishana kweli.

"Unafuta watu kwa starehe," alinipasha.

"Sifuti, Hajja. Watahesabiwa walikolala."

"Na nani? Nani mwingine anahesabu?"

Nikaishikilia sheria yangu. Tukafika nyumba yao wenyewe. Baba, kokwa. Mama, kokwa. Bibi mzaa baba. Kaka wawili. Hajja mwenyewe. Halafu akaweka kokwa ya saba. "Na Yusufu."

Yusufu alikuwa amekaa palepale, na kalamu mkononi. Nikamwuliza kama ninavyouliza watu wote, bila kuwaza. "Ulizaliwa lini, ndugu yangu?"

"Siku mbili baada ya kutoka. Njiani, kwenye zizi la watu tusiowajua."

Mkono wangu ukaiondoa kokwa. Wallahi sikuuamuru. Ni mkono wa miaka arobaini, umezoea. Niliiweka pembeni pamoja na ya yule kijana wa bandarini.

Yusufu akatabasamu. "Sheria ni sheria," alisema. Akainuka kwenda kuchemsha kahawa. Kahawa ikaja, na yeye hakurudi mezani. Alikunywa yake amesimama, ametupa mgongo, anatazama theluji. Mtu aliyekianzisha kitabu chote kile, aliyewafuata wapwa na binamu wa nchi nne kuwaomba majina, nilikuwa nimemwambia mbele ya dada yake kwamba yeye si wa pale.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama Zuhura nikitarajia anisifu kwa msimamo. Aliweka kijiko chini.

"Baba Zuhura, umemfukuza mtu kijijini kwao, jikoni kwake, na kahawa yake umekunywa?"

Siku tatu sikutulia. Nilitembea mpaka mto Humber na kurudi. Nilipanda basi bila safari. Nilijitetea moyoni kwa maneno mazuri sana ya kitaalamu, na kila nikimaliza kujitetea nilikuwa naliona bakuli.

Bakuli hilo ni la kwetu Kondoa. Sensa iliyopita dada yangu alinipigia simu akicheka. Karani alifika, kijana wa heshima, akamwuliza mama yetu walilala wangapi. Mama, ambaye macho sasa hayaoni vizuri, akaagiza mabakuli yatolewe kama zamani. Karani akahesabu, akakuta moja limezidi.

"Hili la nani, bibi?"

"La mwanangu. Yuko Kanada."

Yule kijana akalisogeza pembeni taratibu. Dada alitaka kujua nasemaje. Nami nikamjibu, tena kwa kujigamba, kwamba karani amefanya vema, sheria ndivyo ilivyo. Sikuuliza mama alisema nini bakuli lilipoondolewa. Nilikuwa na haraka ya kuisifu kazi.

Siku ya nne nikampigia dada. "Mama alisema nini siku ile?"

"Hakusema kitu. Alilirudisha."

Ndipo nikavaa koti. Sikuwa na hoja yoyote mkononi, sheria ilikuwa bado inanishinda, lakini niliisikia filimbi ya Bi Tatu mgongoni. Mabasi matatu mpaka Richmond Hill. Nikagonga, nikarudi nyuma hatua mbili, nikavua glovu.

Hajja alinifungulia, mikono ina unga. Yusufu alikuwa mall anatembea. Karatasi yangu ya kaki ilikuwa bado mezani na kokwa zake. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Iseme tena sheria yako."

"Hajja, niache tu nimrudishe..."

"Iseme."

"Aliyelala kijijini usiku ule."

Akajifuta mikono, akaketi mbele yangu. "Basi nisikilize vizuri, Ustadhi. Usiku ule mama yangu hakulala. Huyu alikuwa anapiga mateke mpaka mama akakaa ameegemea ukuta. Mimi nililala ubavuni pake, mkono wangu uko juu ya tumbo lake. Karibu na alfajiri nikamsikia ametulia. Nikamwambia mama, amelala. Mama akasema, nyamaza, usimwamshe." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kokwa ileile, alikuwa amekaa nayo siku zote tatu. "Yusufu alilala kijijini. Mimi nilikuwepo. Ukitaka kufuta asiyelala, mfute mama."

Nimehoji watu wengi. Sijawahi kupata shahidi kama yule. Nikaichukua kokwa, nikaiweka, na mama yao nikamwacha mahali pake. Jina la Yusufu nililiandika kwa kalamu ya wino, si penseli, na mbele yake nikaeleza kwa ufupi jinsi alivyolala. Halafu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, nikawarudisha kijana wa bandarini na binti aliyekwenda kwa mamake, kwenye ukurasa wao wa waliokuwa safarini. Wale wageni waliokimbilia pale tukawapa ukurasa wa wageni, na jina la kijiji chao. Hajja alinitazama nikiandika, akasema angalau nafundishika.

Yusufu akaingia na theluji mabegani. Alisogea mezani kutafuta miwani yake, akaiona nyumba yao kwenye karatasi, akahesabu kwa macho. Akahesabu tena. Kisha akavuta kiti chake, kilekile alichokuwa amekisusa, akaketi na koti lake mwilini.

"Saba," alisema.

"Saba," nilimjibu.

Akaizungusha ile kokwa kwa ncha ya kidole bila kuitoa mahali pake. "Unajua, Ustadhi, hii ndiyo mara ya kwanza mtu ametuhesabu tukaongezeka."

Hajja akaanza kulia, na mimi nikalia pamoja naye, na mikate iliyokuwa kwenye oveni ikaungua kidogo upande mmoja. Tukaila hivyohivyo.

Kwa hiyo, Rehema, ishike sheria, utaihitaji; bila sheria kila mtu atakuletea paka wake. Lakini ukifika mlangoni ukaona umemwacha mtu, usikimbilie mlango wa pili. Muulize aliyekuwepo. Rudi kesho, hata kama ni mabasi matatu, hata kama ni mmoja.

Jioni ile niliporudi nilimpigia dada yangu tena. Nilimwambia siku nyingine karani akija amwache afanye kazi yake, aandike anavyotakiwa. Lakini lile bakuli lisiondolewe mkekani.

"Nani ataliondoa?" alinijibu. "Mama yuko nalo hapa."

Nikakata simu, nikaketi kwenye kochi. Mama Zuhura ni shahidi wangu, muulizeni. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.